Bima ya ghasia kwa duka la Mtwara: je, inalipa mlango ukivunjwa na mwanajeshi?

Bidhaa tunayoipima hapa ni bima ya moto yenye nyongeza ya ghasia, mgomo na uharibifu wa makusudi, ile wanayouziwa wenye maduka, stoo na mashine za kusaga kuanzia Mtwara Mjini na Mikindani mpaka Masasi, Newala, Tandahimba, Nachingwea na Lindi. Hatupimi kampuni moja, kwa sababu maneno ya mikataba hii yanafanana mno. Mengi yamenakiliwa kutoka mikataba ya zamani ya Uingereza na hayajabadilika sana. Kauli yetu ni hii: inunue, ila usiitie sahihi kabla hujajua inasema nini kuhusu jeshi. Hapo ndipo mawakala wengi huteleza, na mwenye duka huja kugundua siku ambayo rafu ziko tupu.

Mkoa huu una sababu ya kuuliza. Januari 2013 palichafuka Mtwara na Masasi. Mei 22, 2013 Waziri wa Nishati na Madini, Sospeter Muhongo, aliwasilisha bajeti yake Dodoma na kuthibitisha kwamba bomba la gesi litatoka Mtwara kwenda Dar es Salaam, jambo ambalo wengi mkoani walilipinga. Siku hiyohiyo Mtwara ikawaka: barabara zikafungwa kwa matairi na magogo, nyumba na ofisi zikachomwa, watu wakapoteza maisha, na wanajeshi wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) wakaletwa kuwasaidia polisi. Tangu hapo wafanyabiashara wengi wa mjini wanaamini kitu kimoja: gari la jeshi likishaonekana mtaani, bima imekufa. Mawakala nao huisema kauli hiyo kana kwamba ni sheria. Si kweli, na kosa hilo ni la gharama, maana linamfanya mtu asiombe kabisa fidia aliyokwisha kuilipia.

Mkataba wa msingi wa bima ya moto haulipi ghasia. Una orodha ya mambo yasiyolipwa, na humo mna vita, uvamizi wa adui wa nje, vita vya wenyewe kwa wenyewe, maasi ya askari, uasi, mapinduzi, utawala wa kijeshi au wa kunyakua madaraka, na sheria ya kijeshi. Ukiisoma orodha hiyo haraka unaona neno jeshi mara mbili tatu, unafunga faili. Isome tena taratibu. Maneno yote hayo yanazungumzia jeshi lililoasi, jeshi lililochukua nchi, au nchi iliyowekwa chini ya sheria ya kijeshi. Hakuna linalomtaja mwanajeshi aliyeamriwa na serikali iliyopo madarakani kwenda kulisaidia jeshi la polisi kulinda soko.

Ukilipia nyongeza ya ghasia, unapata ukurasa wa ziada, na sentensi yenye thamani kuliko zote humo husema hivi kwa maana yake: hasara italipwa ikiwa imesababishwa na mtu yeyote anayeshiriki katika kuvuruga amani ya umma, au na kitendo cha mamlaka yoyote halali katika kuzuia au kujaribu kuzuia vurugu hizo, au kupunguza madhara yake. Mamlaka halali. Polisi ni mamlaka halali. Mwanajeshi aliyetumwa kwa amri halali naye yumo. Kwa hiyo mlango uliovunjwa na waporaji unalipwa, na mlango uliopigwa teke na askari aliyekuwa akimfukuza mporaji unalipwa vilevile.

Je, amri ya kuleta jeshi ni halali? Kwa Tanzania jibu liko kwenye Katiba. Ibara ya 148 inampa Rais, akiwa Amiri Jeshi Mkuu, madaraka ya kuyaamuru majeshi kushiriki katika ulinzi wa nchi, katika kuokoa maisha na mali wakati wa hatari, na katika shughuli nyingine atakazoona zinafaa. Hilo si sawa na tangazo la hali ya hatari la Ibara ya 32, ambalo lina utaratibu wake: nakala kwa Spika, Bunge kukutana ndani ya siku 14, na theluthi mbili ya wabunge kuunga mkono. Mwaka 2013 Mtwara haikuwekwa chini ya tangazo hilo. Jeshi lilikuja kama msaada kwa polisi. Mkadiria hasara anayetumwa na kampuni akikuandikia kwamba dai lako linaangukia kwenye sheria ya kijeshi, mwombe kwa barua akuonyeshe tangazo. Kama hakuna, hoja yake haina miguu.

Lakini tahadhari, na hili tunalisema kwa uzito. Mikataba mingi ina kifungu kinachogeuza mzigo wa ushahidi: kampuni ikidai hasara yako inatokana na uasi au maasi ya umma, ni wewe wa kuthibitisha kwamba sivyo. Kuna pia msemo wa hatari, ghasia zilizofikia kiwango cha umma kuinuka, ambazo hazilipwi. Mstari kati ya ghasia kubwa na umma kuinuka haujachorwa popote kwa rula. Ukiweza kumfanya wakala aondoe kifungu cha mzigo wa ushahidi, au angalau kampuni ikuandikie kwa barua kwamba jeshi kuwasaidia polisi peke yake hakutahesabiwa kuwa uasi, umepata zaidi ya punguzo lolote la ada.

Kuna swali la watu wenye akili timamu: kwa nini nisiishitaki serikali moja kwa moja? Unaweza, ila njia ni ndefu na nyembamba. Kuishitaki Serikali kunataka notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Halafu Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kwenye vifungu vya mkusanyiko haramu na fujo vinavyoanzia kifungu cha 74, inamruhusu hakimu, afisa wa polisi wa cheo cha kutosha au afisa wa jeshi mwenye kamisheni kutoa tangazo la kuwataka watu watawanyike. Tangazo likishatolewa na watu wakakaidi, nguvu ya lazima inayotumika kuwatawanya ina kinga ya kisheria. Utalazimika kuonyesha kwamba nguvu ilizidi ulazima. Bima haikuulizi hayo. Inakulipa, kisha kampuni yenyewe ikitaka kumfuata aliyesababisha hasara, itatumia haki yako kumfuata. Kwa mwenye duka la shilingi milioni 40 tofauti hiyo ni kubwa.

Kinachoharibika jeshi likiwepo si sawa na kinachoharibika polisi wakiwa peke yao, na hati nzuri ya bima hupimwa hapo. Polisi wa kutuliza ghasia wanafundishwa kusukuma umati ufungue njia ya kutokea: ngao, virungu, maji, gesi. Mwanajeshi wa kawaida amefundishwa kumshinda adui, na bunduki yake hubeba risasi inayopita ukuta wa tofali la mchanga au bati bila kusitasita. Mfano unaofundishwa mara nyingi ni wa Los Angeles mwaka 1992. Polisi waliokwenda kwenye nyumba moja wakiwa na wanajeshi wa majini waliwaambia wenzao wawakinge. Kwa polisi neno hilo maana yake elekeza silaha na uwe tayari. Kwa mwanajeshi maana yake piga risasi ili mwenzako asogee. Zilipigwa risasi zaidi ya 200 kwenye nyumba yenye watoto ndani. Kwa bahati hakuna aliyepigwa. Tunautaja kwa sababu ndiyo picha halisi ya kinachoweza kuupata ukuta wa duka lako hata kama kila mtu ana nia njema.

Kwa hiyo angalia mambo haya kwenye hati. Kopo la gesi ya machozi la aina inayowaka hupata joto kali. Likidondoka kwenye magodoro, mitumba au makuti, linawasha. Hasara hiyo ni moto, na inapaswa kulipwa kama moto uliosababishwa na mamlaka kuzuia ghasia. Poda ya gesi hiyo nayo ni tatizo jingine: si hewa, ni chembe laini zinazokaa kwenye unga, sukari, mchele na maziwa ya kopo. Kampuni nyingi hubisha kwamba mfuko haujapasuka, basi hakuna uharibifu. Dawa yake ni kumwita afisa afya wa manispaa au halmashauri akague na akuandikie kwamba chakula hakifai kuliwa, kisha kiteketezwe mbele yake na upewe cheti. Bila cheti hicho utabishana mwaka mzima. Risasi iliyotoboa friji ya samaki: friji italipwa, lakini samaki walioharibika baada ya ubaridi kupotea wanahitaji nyongeza ya bidhaa za baridi. Gari la jeshi au deraya likigonga kibaraza: hilo ni pigo la gari, na lina kifungu chake, hakikisha hakijaandikwa kwamba kinahusu magari ya kiraia tu.

Uporaji ndio sehemu dhaifu kuliko zote. Bima ya moto ya kawaida hailipi kitu kilichoibwa wakati wa moto au baada yake. Nyongeza ya ghasia inalipa kitendo cha mtu anayeshiriki vurugu, sasa mkadiria hasara atauliza: aliyebeba televisheni saa kumi na moja alfajiri, wakati askari wameshatuliza mtaa, alikuwa mshiriki wa ghasia au mwizi wa kawaida? Usiache swali hilo lije kujibiwa baadaye. Dai neno uporaji liandikwe waziwazi ndani ya nyongeza, au nunua na bima ya wizi wa kuvunja, na hakikisha hiyo nayo haikatai wizi unaotokea wakati wa ghasia. Mara nyingi inakataa.

Kisichorejeshwa kabisa ni siku za kufunga. Duka likikaa limefungwa siku tano kwa sababu ya vipeperushi vya kutaka maduka yafungwe, hofu, vizuizi vya barabarani au amri ya kutotoka nje, na hakuna kilichovunjika, bima ya mali haitoi senti. Ipo nyongeza ya kuzuiwa kufika kwenye biashara kwa amri ya mamlaka, na inaambatana na bima ya kukatika kwa biashara. Kwa genge au duka dogo haina maana. Kwa mwenye nyumba ya wageni mtaa wa Shangani, Mtwara, au stoo ya jumla inafaa kuulizwa bei.

Mali iliyotwaliwa na mamlaka nayo haimo. Watu wa korosho walisikilize hili vizuri. Novemba 2018 Rais John Magufuli aliamuru JWTZ kushiriki kubeba na kulinda korosho za kusini, na serikali ikanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Wanajeshi walikuwa kwenye maghala, lakini ule ulikuwa ununuzi, na mkulima alikuwa na haki ya malipo, bima haikuhusika. Tofauti kabisa ni korosho zilizozuiwa kwa tuhuma za kangomba, yaani kununua korosho kwa wakulima nje ya mfumo rasmi. Mzigo ukishikiliwa na vyombo vya dola, hata ukioza mikononi mwao, bima ya ghasia inasema waziwazi kwamba hailipi. Kwa korosho zilizo kwenye ghala la stakabadhi, ambako mkulima hukabidhi mzigo na kupewa hati, anayepaswa kuwa na bima ni mwendesha ghala. Chama chenu cha msingi kiombe kuona hati, kisha mtazame kama nyongeza ya ghasia imo au ni moto na wizi tu.

Bei. Ada huhesabiwa kwa asilimia ya thamani, na kiwango hutofautiana kwa aina ya jengo, bidhaa na mahali. Chukua huu kama mfano wa hesabu tu: mali ya shilingi milioni 60, moto kwa asilimia 0.25 ni 150,000. Nyongeza ya ghasia kwa asilimia 0.1 ni 60,000, jumla 210,000, VAT ya asilimia 18 ni 37,800, unalipa 247,800 kwa mwaka. Kinga inaanza ada ikishalipwa, si wakala alipoahidi. Nenda nyumbani na uthibitisho wa malipo, na uhakikishe hati yako kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, siku hiyohiyo.

Watu wengi huumia kwenye thamani, si kwenye ada. Ukikata bima ya milioni 30 wakati mali ni ya milioni 60, ukapata hasara ya milioni 20, hutalipwa 20. Kampuni inasema umebeba nusu ya hatari mwenyewe, kwa hiyo unalipwa milioni 10, na hapo bado hawajakata sehemu yako ya kwanza ya hasara. Kama sehemu hiyo ni asilimia 10, unabaki na milioni 9. Mtwara na Lindi tatizo hili lina msimu wake. Fedha za korosho zikianza kuingia, mwezi wa kumi na moja hivi, wenye maduka hujaza mabati, pikipiki, simu na vitenge mara mbili ya kawaida. Thamani iliyoandikwa mwezi wa tano haitoshi mwezi wa kumi na mbili. Andika thamani ya kilele cha msimu, au omba nyongeza ya muda kwa miezi hiyo.

Usisubiri dalili. Vipeperushi vikishaanza kuzunguka na meseji za kufunga maduka zikishafika kwenye simu, kampuni nyingi zinaacha kuuza nyongeza hii, na ukiinunua huku unajua na hukusema, wana sababu ya kulikataa dai. Nyongeza hiyo pia inaweza kufutwa na kampuni kwa notisi fupi. Soma ni siku ngapi.

Siku ya tukio, ukiwa salama, utaratibu unaofanya kazi ni huu. Toa taarifa kwa kampuni ndani ya saa 24 kwa simu, kisha kwa maandishi. Andika saa ghasia zilipoanza na saa zilipoisha mtaani kwako, kwa sababu mikataba mingi huhesabu hasara zote za ndani ya saa 72 kama tukio moja lenye makato mamoja. Piga picha kabla ya kufagia, kutoka nje kwenda ndani, na ya mwisho iwe ya kila rafu. Maganda ya risasi na makopo ya gesi usiyaguse; yapige picha yalipo, yana namba, na polisi wayachukue wenyewe. Usipige picha askari wakiwa kazini. Chukua RB, yaani namba ya taarifa yako kituo cha polisi, na hapa kuna neno moja la kuangalia: kituoni mara nyingi huandikwa kuvunja na kuiba usiku, na neno ghasia halimo. Mwombe kwa upole afisa aandike kwamba tukio lilitokea wakati wa ghasia za tarehe hiyo, maana RB isiyo na neno hilo huipa kampuni mlango wa kutokea. Ziba paa na milango haraka, na utunze risiti za mabati na mbao. Gharama ya kuzuia hasara isiongezeke kwa kawaida inadaiwa. Risiti za EFD (mashine ya kodi) za manunuzi zihifadhi nje ya duka, hata kama ni picha kwenye simu ya shemeji yako Masasi. Daftari lililoungua pamoja na duka halimsaidii mtu.

Dai likikataliwa, taka sababu kwa maandishi ikitaja kifungu. Barua hiyo ndiyo utakayokwenda nayo kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na huko huhitaji wakili.

Ukiilinganisha na wenzetu, bidhaa yetu ina pengo moja kubwa: haina mgongo wa serikali. Afrika Kusini, baada ya machafuko ya Soweto ya 1976, iliunda Sasria mwaka 1979, kampuni ya umma inayobeba bima ya ghasia ambayo kampuni za kawaida haziigusi. Julai 2021, machafuko ya KwaZulu-Natal na Gauteng yalipoua zaidi ya watu 350 na jeshi likaidhinishiwa askari mpaka 25,000, Sasria ilizidiwa na madai ya zaidi ya randi bilioni 30, na hazina ikalazimika kuiongezea mtaji. Ililipa. Hapa kwetu hasara ya mji mzima ingeangukia kampuni chache na wabima wa nje wanaozikatia bima kampuni hizo, na mwenye duka wa Chikongola, Mtwara, angesimama kwenye foleni moja na mwenye hoteli. Hili tungependa wabunge wa mikoa hii miwili walibebe, kwa sababu watu wa kusini wamekwisha kuonja.

Tunaipendekeza kwa mwenye stoo, duka la vifaa vya ujenzi, duka la dawa, mashine ya kukoboa na nyumba ya wageni. Hatuipendekezi kwa mwenye meza sokoni ambaye bidhaa zake zinaingia kwenye mkokoteni mmoja. Kwake mlango wa chuma na mahali pa kuhamishia mzigo mapema vinalinda zaidi. Mwenye bodaboda asiichanganye na karatasi yake ya bima ya mtu wa tatu: hiyo hailipi pikipiki yako ikichomwa, awe amechoma mwandamanaji au limeipitia gari la askari.

Mkataba wenyewe huwa kwa Kiingereza. Kaa na wakala, mwambie aweke kidole kwenye sentensi ya mamlaka halali, kisha kwenye neno uporaji, kisha kwenye mzigo wa ushahidi, na akuandikie tafsiri ya kila moja kwa Kiswahili chini ya mhuri wake. Akishindwa kuipata sentensi ya mamlaka halali, hiyo nyongeza haimo, na fedha yako irudi mfukoni mpaka mwingine aionyeshe.